Lenzi na Ukweli wa Kidonda: Kuchagua Lenzi za Kamera kwa Picha za Kitabibu

Kidonda cha mguu kinachouguzwa katika zahanati ya mlimani huweza kuonekana kwenye picha kwamba kimepungua kwa karibu sentimita moja ndani ya wiki mbili, ilhali mguuni hakijapungua hata kidogo. Kilichobadilika si kidonda, bali ni lenzi iliyotumika na mahali aliposimama mpiga picha. Daktari bingwa aliye mbali, akiitegemea picha hiyo, atasema tiba iendelee kama ilivyo. Mgonjwa naye atarudi shambani akiamini kwamba anapona.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua lenzi za kamera isiyo na kioo, yenye kihisi cha fremu kamili, kwa ajili ya picha za kitabibu. Imeandikwa kwa kuwaangalia wahudumu wa afya wa Morogoro mjini na wa vijiji vya Milima ya Uluguru, pamoja na wagonjwa wanaopigwa picha hizo. Hoja yake kuu ni moja: lenzi huchaguliwa kwanza kwa umbali inaomwezesha mpiga picha kukaa kutoka kwa mgonjwa. Mambo mengine yote, pamoja na bei na jina la kampuni, hufuata baadaye.

Kwa nini picha inahitajika mlimani

Mji wa Morogoro, ambao wenyeji huuita kwa mapenzi "mji kasoro bahari", umekaa chini ya Milima ya Uluguru, katika mwinuko wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara hupanda kuelekea Mgeta na Nyandira upande wa magharibi wa milima, na kuelekea Kinole na Matombo upande wa mashariki. Vilele vya juu kabisa vya milima hiyo hupita mita 2,600. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia nyingi za mlimani huteleza, na safari ya mgonjwa mwenye kidonda mguuni huwa adha kubwa na gharama.

Wataalamu wa magonjwa ya ngozi nchini si wengi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilichopo Moshi katika Hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, kimewafundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, mkulima wa Nyandira hawezi kusafiri hadi Moshi au Muhimbili kila kidonda kinapobadilika rangi. Picha iliyopigwa vizuri inaweza kumtangulia mgonjwa, ikaonyesha kama safari ni ya lazima na kama ni ya haraka. Picha iliyopigwa vibaya inaweza kumzuia mgonjwa ambaye alipaswa kuondoka siku hiyohiyo.

Kamera yenyewe kwa ufupi

Kamera za kizamani zenye kubadilishwa lenzi zilikuwa na kioo ndani yake, kilichoupeleka mwanga juu kwenye dirisha la kuchungulia. Katika kamera isiyo na kioo, mwanga hufika moja kwa moja kwenye kihisi, na mpiga picha huiona picha kwenye skrini kabla hajabonyeza. Fremu kamili maana yake ni kihisi chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na kipande kimoja cha filamu ya zamani ya milimita 35. Sony ilitoa kamera yake ya Alpha 7 mwaka 2013. Canon na Nikon zilifuata mwaka 2018 kwa mifumo yao mipya ya lenzi.

Kwa kazi ya kitabibu kamera hizi zina faida tatu. Mpiga picha huweza kukuza sehemu ndogo ya picha kwenye skrini na kuhakikisha kwamba ukingo wa kidonda umeonekana wazi. Huweza pia kuweka mistari ya miraba kwenye skrini ili asiiinamishe kamera. Aidha, nyingi zinaweza kupiga picha kimyakimya, jambo linalomtuliza mtoto au mgonjwa mwenye hofu.

Hata hivyo, kihisi kikubwa hakirekebishi makosa ya lenzi isiyofaa. Ikiwa bajeti hairuhusu kununua vyote kwa ubora uleule, ni bora kupunguza gharama ya kamera kuliko ya lenzi.

Umbali ndio unaobadilisha sura

Watu wengi huamini kwamba lenzi pana "huvuta" uso na kuukuza pua. Kwa hakika, sababu yake ni umbali. Lenzi pana humlazimisha mpiga picha kusogea karibu ili uso uijaze picha, na kile kilicho karibu zaidi na lenzi huonekana kikubwa zaidi kuliko kilicho nyuma yake.

Hesabu ndogo inatosha kulionyesha jambo hili. Tuseme uso unapigwa picha kutoka mbele kwa uwiano wa 1:10, yaani sentimita 10 za uso huchukua sentimita 1 ya kihisi. Lenzi ya milimita 28 itadai kukaa takriban sentimita 31 kutoka usoni. Lenzi ya milimita 50 itadai sentimita 55, na ya milimita 100 itadai sentimita 110. Ikiwa masikio yako sentimita 10 nyuma ya ncha ya pua, basi kwa lenzi ya milimita 28 pua itakuzwa kuliko masikio kwa asilimia 32 hivi. Kwa milimita 50 tofauti ni asilimia 18, na kwa milimita 100 hushuka hadi asilimia 9.

Kwa picha ya harusi tofauti hiyo ni suala la urembo tu. Kwa uvimbe wa taya unaofuatiliwa mwezi hadi mwezi, ni suala la tiba. Mwezi wa kwanza akipigwa kwa lenzi moja na mwezi wa pili kwa nyingine, hakuna atakayejua kama uvimbe umekua au mpiga picha amesogea.

Mfano wa kidonda cha sentimita sita

Mfano huu wa kubuni unaonyesha namna kosa linavyozaliwa. Mkulima wa makamo mwenye kisukari ana kidonda chenye urefu wa sentimita 6 kando ya mguu. Mhudumu anaweka rula ya karatasi pembeni ya kidonda, lakini kwa sababu mguu umejipinda, rula inakaa sentimita 2 juu ya usawa wa kidonda, karibu zaidi na kamera. Picha inapigwa kwa uwiano wa 1:4, ambapo fremu nzima inachukua eneo la sentimita 14.4 kwa 9.6.

Kwa lenzi ya milimita 28, kamera iko sentimita 14 tu kutoka kwenye kidonda. Anayesoma picha hiyo kwa kutumia rula atapata kidonda cha sentimita 5.1.

Kwa lenzi ya milimita 50, umbali ni sentimita 25, na kidonda kitasomeka sentimita 5.5.

Kwa lenzi ya milimita 100, umbali ni sentimita 50, na kidonda kitasomeka karibu sentimita 5.8.

Kosa la mhudumu ni lilelile mara zote tatu. Kilichotofautiana ni umbali. Mpiga picha aliyesimama mbali husamehewa makosa madogo ambayo aliyesogea karibu hasamehewi.

Kuna kosa la pili ambalo lenzi haiwezi kuliondoa, nalo ni kuinamisha kamera. Kamera ikiinama kwa nyuzi 30 badala ya kuukabili mguu sawasawa, urefu wa sentimita 6 husomeka kama 5.2, hata kama rula imewekwa barabara upande mwingine. Kwa hiyo kila picha ya kidonda ipigwe kamera ikiwa sambamba na uso wa kidonda, na mistari ya miraba iliyo kwenye skrini itumike kulithibitisha hilo.

Lenzi ya kwanza: makro ya milimita 90 hadi 105

Kituo kinachoweza kununua lenzi moja tu kinunue lenzi ya makro yenye urefu wa fokasi kati ya milimita 90 na 105, ambayo haikuzi wala kupunguza kwa kuzungusha, na ambayo inafika uwiano wa 1:1. Kwa uwiano huo, kipele cha milimita 10 huchukua milimita 10 kamili za kihisi. Lenzi hiyo moja hutosha kwa kipele kidogo, ukucha, kidonda cha mguu na uso mzima.

Mnunuzi asidanganywe na neno "makro" lililoandikwa kwenye lenzi za zumu. Nyingi kati ya hizo huishia uwiano wa 1:3 au 1:4. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: lenzi hii inafika uwiano gani wa juu kabisa?

Jambo la pili la kutazama ni alama za uwiano. Baadhi ya lenzi zina alama hizo zilizochapwa kwenye mwili wake, nyingine huzionyesha kwenye skrini. Alama hizo ndizo zinazowezesha picha za leo na za mwezi ujao kulingana. Utaratibu wa kuzitumia ni rahisi: mhudumu huzima ulengaji wa kamera, huweka uwiano anaoutaka kwa mkono, kisha husogeza mwili wake mbele na nyuma taratibu mpaka kidonda kionekane wazi. Hapo umbali utakuwa uleule kila mara, hata kama mpiga picha amebadilika.

Uwiano unaofaa kwa kazi za kawaida ni huu:

1:1 kwa eneo la milimita 36 kwa 24, kama vile kipele kimoja au doa linaloshukiwa.

1:2 kwa eneo la milimita 72 kwa 48, kama vile mdomo, kiganja cha mtoto mchanga au kidonda kidogo.

1:4 kwa eneo la milimita 144 kwa 96, kama vile kidonda kikubwa au sehemu ya mguu.

1:10 kwa eneo la sentimita 36 kwa 24, kama vile uso au kifua.

Kituo kichague uwiano wake, kiuandike ukutani, na kila picha iambatane na uwiano uliotumika katika kumbukumbu za mgonjwa.

Lenzi za makro zilizotengenezwa kwa kamera za zamani zenye kioo bado zinafaa na mara nyingi bei yake ni nafuu. Hufungwa kwenye kamera mpya kwa adapta ya mfumo husika. Baadhi ya adapta hazina mota, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota ndani yake hulengwa kwa mkono. Kwa picha za vidonda hilo si hasara, kwa kuwa ulengaji wa mkono ndio unaotakiwa.

Mnunuzi ajihadhari pia na lenzi zilizotengenezwa kwa vihisi vidogo. Zikifungwa kwenye kamera ya fremu kamili, kamera hutumia sehemu ya katikati ya kihisi pekee, na picha ya pikseli milioni 24 hubaki na milioni 10 hivi.

Lenzi ya pili: milimita 50

Chumba cha uchunguzi katika zahanati nyingi si kikubwa. Kumpiga picha mtu mzima kuanzia utosini hadi nyayoni kwa lenzi ya milimita 100 kunadai umbali wa takriban mita 5, ambao haupo. Lenzi ya milimita 50 inadai nusu yake, yaani mita 2.5 hivi. Hiyo ndiyo lenzi ya pili inayofaa: kwa mkao wa mwili, upele ulioenea mgongoni, uvimbe wa mguu mmoja ukilinganishwa na mwingine, au mtoto aliyepinda miguu.

Lenzi za milimita 50 zenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini katika mifumo mingi. Hakuna sababu ya kulipia zaidi ili kupata f/1.4 au f/1.2, kwa kuwa tundu pana kiasi hicho halitumiki katika picha za kitabibu.

Lenzi ya zumu ya milimita 24 hadi 105 inavutia kwa sababu inaonekana kufanya kila kitu. Inafaa kwa picha za mafunzo, mikutano ya kijiji na majengo. Udhaifu wake kwa vidonda ni huohuo wa kubadilika: mhudumu mmoja ataizungusha hadi 35, mwingine hadi 80, na picha zao hazitalingana. Pale ambapo zumu ndiyo pekee iliyopo, urefu mmoja uchaguliwe, uwekewe alama kwa kipande cha utepe, na usiguswe.

Kina cha fokasi na mwanga

Lenzi inapokaribia sana, eneo linaloonekana wazi mbele na nyuma ya kitu huwa jembamba mno. Kwa uwiano wa 1:1 na tundu la f/11, kina hicho ni takriban milimita 1.3 tu. Kwa 1:2 hufika milimita 4, kwa 1:4 milimita 13, na kwa 1:10 sentimita 7 hivi. Anayeacha tundu wazi kwa f/2.8 ili kupata mwanga atapata ukingo mmoja wa kidonda ulio wazi na mwingine wenye ukungu. Kwa hiyo tundu liwe kati ya f/8 na f/16. Kulibana hadi f/22 nako huanza kupunguza uwazi wa picha nzima.

Tundu dogo hudai mwanga mwingi, na mwanga wa dirisha hautoshi. Flashi ndogo, hasa ile ya mviringo inayofungwa mbele ya lenzi ya makro, inahitaji kuingizwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Hapa tena umbali una faida: lenzi ya milimita 100 huacha nafasi ya mwanga kuingia, ilhali lenzi fupi huweka kivuli cha kamera yenyewe juu ya kidonda. Umbali huo husaidia vilevile kuzuia maambukizi, maana kamera haigusi mgonjwa, shuka wala majimaji ya kidonda.

Rangi ya ngozi

Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kila inachokiona kina weupe wa wastani. Ngozi nyeusi ikiijaza fremu, kamera huongeza mwanga na ngozi hutoka ikiwa imepauka. Mguu huohuo ukiwekwa juu ya shuka jeupe, kamera hupunguza mwanga na ngozi hutoka nyeusi mno, na mabadiliko ya rangi hupotea gizani. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye jua la shambani humweka katika hatari ya saratani ya ngozi, kosa huwa kinyume: ngozi yake huweza kutiwa giza isivyostahili, au ikaunguzwa na flashi hata vidonda vya awali visionekane.

Dawa yake ni nguo isiyong'aa ya rangi ya bluu au kijani kibichi nyuma ya kiungo, mwanga uliopangwa kwa mkono, na kadi ya kijivu katika picha ya kwanza. Ikumbukwe pia kwamba uvimbe wenye joto kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani mwekundu, bali huonekana wa zambarau au mweusi zaidi ya ngozi inayouzunguka. Picha yenye rangi isiyo sahihi huificha dalili hiyo.

Kutunza lenzi katika unyevu wa Uluguru

Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupokea mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi, na unyevu wake ni adui wa lenzi. Kuvu huota kati ya vioo vya ndani, ambako kitambaa hakifiki. Anayenunua lenzi iliyotumika amulike tochi upande mmoja na kuchungulia upande mwingine: nyuzi nyembamba kama za buibui ni ishara ya kuvu, na lenzi hiyo iachwe.

Lenzi isihifadhiwe katika mfuko wa ngozi wala kabati lenye giza na unyevu. Kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za kukausha unyevu zinazobadilishwa mara kwa mara, linatosha. Kamera inayoshuka kutoka kwenye baridi ya Nyandira hadi joto la Morogoro mjini ibaki ndani ya begi kwa muda wa nusu saa, ili mvuke usigande juu ya kioo. Kwenye bodaboda, begi livaliwe mgongoni badala ya kufungwa kwenye keria, kwa kuwa mtikisiko hulegeza skrubu za lenzi.

Baada ya kila mgonjwa, mwili wa kamera ufutwe kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo na kitakasio. Kitakasio kisipulizwe moja kwa moja kwenye kioo. Kichujio cha kioo kitupu kikifungwa mbele ya lenzi, hicho ndicho kitakachosafishwa na kuchakaa, na lenzi itasalimika.

Mgonjwa ndiye mwenye picha

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Methali hiyo humhimiza mgonjwa aonyeshe ugonjwa wake kwa anayeweza kumtibu. Haimpi mhudumu ruhusa ya kuuonyesha kwa wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya kidonda ni sehemu ya taarifa hizo.

Ridhaa iombwe kwa maneno yanayoeleweka, kabla kamera haijatolewa kwenye begi. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Babu, naomba ruhusa ya kupiga picha ya kidonda chako. Uso hautaonekana. Picha ataiona daktari bingwa ili atushauri. Ukikataa, utatibiwa vilevile."

"Na nikitaka baadaye ifutwe?"

"Utatuambia, babu, nasi tutaandika ombi lako na kukueleza hatua itakayofuata."

Lenzi ndefu humlinda mgonjwa kwa namna nyingine pia: huona eneo dogo nyuma ya kiungo, hivyo jirani wa kitanda cha pili haingii kwenye picha. Picha isihifadhiwe kwenye simu binafsi ya mhudumu wala isitumwe katika kundi la mazungumzo. Ikitumwa kwa njia iliyoidhinishwa na kituo, itumwe kama faili kamili, maana programu nyingi za ujumbe huibana picha na kupoteza maelezo madogo.

Kituo au mgonjwa asiye na kamera hiyo

Zahanati nyingi zitaendelea kutumia simu kwa miaka mingi, na kanuni ni ileile. Lenzi kuu ya simu ni pana, karibu na milimita 24 hadi 28 za fremu kamili, hivyo humvuta mtumiaji asogee mno. Tiba yake ni kurudi nyuma na kutumia zumu ya mara 2 au 3. Kamba yenye urefu wa sentimita 50, iliyofungwa fundo upande mmoja, humwonyesha hata mtoto wa nyumbani mahali pa kuishikia simu: fundo liwe hewani kando ya kidonda bila kukigusa, na ncha nyingine iwe kwenye simu. Picha zote zipigwe kwa zumu ileile, rula ikiwa katika usawa mmoja na kidonda.

Kwa mgonjwa anayejipiga picha nyumbani, onyo moja ni la lazima. Kidonda kinachotoa harufu mbaya, kinachogeuka cheusi, kinachoambatana na homa, au uvimbe unaopanda kuelekea juu ya mguu, havisubiri picha. Mgonjwa huyo aende kituoni mara moja, hasa akiwa na kisukari na ganzi ya nyayo, kwa kuwa kutosikia maumivu si dalili ya kupona.

Zoezi la kituo

Zoezi hili huchukua chini ya saa moja. Papai kubwa lichorwe kwa kalamu mstari wa sentimita 6 ubavuni, na rula ya karatasi ibandikwe pembeni yake. Wahudumu watatu, kila mmoja kwa wakati wake na bila kuonana, wapige picha ya mstari huo kama wanavyopiga kidonda kila siku. Kisha kila picha isomwe kwa kutumia rula iliyomo ndani yake, na urefu uandikwe.

Baadaye wote watatu warudie kwa lenzi moja, uwiano wa 1:4 na kamera iliyo sambamba na mstari. Majibu ya duru ya kwanza yalinganishwe na ya pili. Papai halikubadilika, hivyo tofauti yoyote kati ya majibu ya duru ya kwanza ni kosa ambalo, kwa mgonjwa, lingeandikwa katika faili kuwa nafuu au kuwa hali mbaya. Kituo kikishaiona tofauti hiyo kwa macho yake, uamuzi wa lenzi ya kununua hautakuwa mgumu.